Sahani ya Ng'ambo

Butimba, Mwanza
6 Julai 2025

Baba mdogo Projest,

Shikamoo. Najua simu huisikii tena, kwa hiyo naandika. Winnie wa duka la dawa pale Muleba ameniambia akipokea bahasha kwa konda wa basi la Bukoba ataikabidhi kwa mtu wa kwanza anayepanda Kamachumu. Sijui itachukua siku ngapi.

Huku tu wazima. Mume wangu Obedi amehamishiwa Dodoma kikazi tangu mwezi wa nne. Nyumba imebaki na mimi na kuku wanne. Mpapai aliopanda Baba nyuma ya jiko umeangushwa na upepo wiki iliyopita.

Sasa nililokusudia. Mgahawa wetu wa Pumzika pale Kigongo umefungwa, na ndio ulikuwa wa mwisho. Daraja lilifunguliwa mwezi uliopita, kivuko kikasimama, na foleni ya magari ikaisha siku hiyohiyo. Masele alipika kilo ishirini za mchele kama kawaida yake. Walikula watu sita, wanne kati yao mafundi wa taa za darajani. Akaendelea hivyo siku tisa, kisha akageuza viti juu ya meza.

Mhariri wa gazeti letu ameniomba historia ya Pumzika, kurasa mbili, itoke kabla ya mwaka kwisha. Mengi ninayo. Wewe na Baba mlifungua Buzuruga mwaka 1989, Kigongo na Busisi mwaka 1993, Geita mwaka 2001. Ukuta wa njano na mkanda wa kijani chini, kila tawi. Baba alikaa Kigongo, wewe Busisi, na kilomita tatu za maji katikati.

Ninalo swali moja tu. Jumamosi tarehe 3 Machi 2012 basi zima lilishuka kwenye kivuko upande wako. Abiria walikuwa na vibao vya chakula vya Baba, kila mmoja na chake, na wewe ukakataa kuwapa chakula. Tangu siku hiyo sahani ya ng'ambo haikutolewa tena, na madereva wakaanza kutafuta migahawa mingine. Kwenye familia inasemwa kwamba wewe ndiye uliyeiua Pumzika. Baba hakuwahi kulisema hilo. Hakuwahi kulikanusha pia.

Kabla sijaandika nataka maneno yako. Usiponijibu nitaandika kwamba uliulizwa na hukujibu. Ndivyo kazi yangu ilivyo.

Mwanao,
Prudencia


Kamachumu
11 Agosti 2025

Prudencia mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Winnie siku kumi na saba kwa sababu mwenye pikipiki wa huku alikuwa na msiba. Niliisoma mara moja usiku, nikairudia mchana kwa sababu miwani yangu imebaki na kioo kimoja.

Mguu wa kushoto bado unavimba. Kahawa tumevuna, si mbaya. Kaburi la baba yako nalipalilia kila mwezi, na mwezi uliopita nimepaka chokaa upya. Pole kwa Obedi kuwa mbali. Utazoea. Kitu kisichozoeleka ni mkono. Mimi mkono wangu bado unapima mchele wa watu hamsini. Nimenunua kikombe cha kupimia, na bado chakula kinabaki, nampelekea jirani, na jirani amechoka na wali wangu.

Historia unayoitaka nitakupa, ile ninayoweza. Zamani pale Kigongo mtu aliagiza chakula, akalipa, sahani ikatua mezani, na honi ya kivuko ikalia. Basi halimsubiri mtu. Anakimbia na tonge mdomoni, nyama imebaki. Siku moja mwaka 1994 mama mmoja wa Chato aliitazama sahani yake, akamtazama baba yako, akamwambia, "Wewe baba, mwizi mwenyewe ni hiyo honi, lakini hela unayo wewe." Watu walicheka. Baba yako hakucheka. Baada ya siku tatu alivuka kuja kwangu na vipande vya mbao ya mninga mfukoni, vimechomwa herufi P kwa msumari wa moto. Akasema, "Akiacha sahani huku, mpe kibao. Akifika kwako na kibao, mpe sahani nzima, ya moto, usimuulize kitu."

Nilimwambia, "Kaka, nitajuaje wanakuja wangapi?" Akasema ataandika. Ndiyo vikaratasi vikaanza. Konda ananiletea: Abiria 9, wali 5, ugali 4, mmoja hali samaki. Mimi napakua, nafunika kwa sahani nyingine, na kwa kivuko kinachorudi namjibu neno moja: Zimefunikwa. Miaka kumi na minane tuliongea hivyo. Tulionana Pasaka na Krismasi, na kwenye misiba.

Kuhusu swali lako, andika kama wanavyosema. Kwenye mazishi ya kaka yangu mlinipa kiti upande wa majirani. Nilikaa. Nimezoea upande huo.

Una uhakika ilikuwa Jumamosi?

Baba yako mdogo,
Projest


Butimba, Mwanza
24 Agosti 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimekununulia miwani kwa namba uliyokuwa ukivaa mwaka 2013, ambayo mama alikuwa ameiandika kwenye daftari lake. Iko ndani ya kifurushi hiki. Isipofaa, mwambie Winnie. Kuku wamebaki watatu. Naumwa kidogo mgongo, sababu ni kiti.

Tarehe nimeitoa kwenye gazeti. Ninacho kipande chake.

Juzi nilikwenda Kigongo. Masele anauza viti. Vile vya mbao vimeshachukuliwa na kanisa moja la Usagara. Alinikaribisha chai kwenye meza ya mwisho, sisi wawili kwenye ukumbi wa watu mia, na kila gari lililopita barabarani alilitazama mpaka lipotee.

"Dada," akaniambia, "zamani mtu alifika hapa na njaa akaondoka na hasira. Sasa anapita mwendo wa themanini. Harufu ya samaki wangu wa sato inamfikia akiwa Busisi."

Nikamuuliza kuhusu ile siku ya Machi. Akainuka kwenda kutazama birika ambalo halikuwa jikoni.

"Masele, nimekuuliza."

"Nimesikia. Mimi nilikuwa mpishi, dada. Mpishi anaangalia sufuria."

"Ulikuwa unampa Baba vibao mwenyewe. Ulimpa vingapi siku ile?"

"Alikuwa na ufunguo wa kasha. Muulize mzee wa ng'ambo."

Kisha akanieleza kitu ambacho sikukiomba. Fundi Shaibu, aliyekuwa akichonga vibao, alikuwa akiletewa kazi mara moja kwa mwaka. Mwaka 2011 aliletewa kazi kila mwezi. Masele alisema hivyo, akaanza kuosha vikombe visafi.

Nimekuwa mwandishi miaka ishirini na saba. Mtu akiosha kikombe kisafi huwa namalizia chai yangu na kumwacha. Lakini wewe nakuuliza tena. Kwa nini vibao vilihitajika vingi hivyo, na kwa nini uliwakatalia wale watu?

Prudencia


Kamachumu
2 Novemba 2025

Prudencia mwanangu,

Marahaba. Usinione nimekaa kimya kwa hasira. Miwani inafaa. Nilipoivaa niliona ukuta wa sebule una nyufa ambazo sikuzijua, nikaivua siku mbili.

Mvua zimeanza. Senene bado hawajaruka, lakini watoto wameshaanza kutazama taa. Ukitaka nikuwekee wa kukaanga, sema mapema.

Wiki sita nimekuwa naanza barua hii. Mambo mengine sitayaandika kwa mkono wangu, kwa sababu aliyehusika hawezi kunijibu na mimi nilimpa ahadi ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Nimekuwekea karatasi nne. Ni vikaratasi vya Kigongo, mwandiko wa baba yako. Vitatu ni vya siku moja, tarehe 19 Novemba 2011. Tazama saa alizoandika pembeni. Cha nne ni cha Januari 2012.

Visome, kisha uvirudishe. Usivipige picha.

Hukunijibu kuhusu Jumamosi.

Projest


Butimba, Mwanza
16 Novemba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Vikaratasi vinne viko ndani ya bahasha ndogo. Sikuvipiga picha. Senene niwekee.

Naandika nilichokiona, ili kama nimekosea unisahihishe. Cha kwanza kinasema: Abiria 11, wali 7, ugali 4. Saa tatu asubuhi. Cha pili kinasema hivyohivyo, neno kwa neno. Saa nne kasoro robo. Cha tatu hivyohivyo, saa nne na robo. Abiria ni walewale, basi ni lilelile, na wewe ulikuwa umeshawalisha. Cha nne hakina idadi. Kinasema: Projest, muulize Mama kama amekula.

Bibi alifariki mwaka 1987.

Umeniuliza mara mbili kuhusu Jumamosi. Haikuwa Jumamosi. Ilikuwa Jumapili tarehe 4, na mimi nilikuwepo Kigongo. Nilikwenda baada ya misa, kama Jumapili nyingi. Basi lilikuwa la kwaya iliyotoka Shinyanga kwenye kongamano. Walikuwa hamsini na nane. Kivuko kilichelewa saa mbili, wakala wote, wakamaliza, wakaimba na kuimba. Honi ilipolia Baba alisimama mlangoni na kasha, akawa anampa kila anayetoka kibao.

Msichana mmoja alimwambia, "Babu, mimi nimeshiba."

Baba akamwambia, "Chukua, binti. Ng'ambo ni mbali."

Masele alikuja mbio akamshika mkono. "Mzee, hawa wamekula. Wote wamekula."

"Mpe na dereva," Baba akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa meza ya dirishani. Nilicheka. Nilisema mzee leo amefurahia kwaya. Baba akanigeukia akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nami nasafiri na lile basi. Akaninyooshea kibao. Nilikipokea. Nilijiambia ananitania, nikarudi mjini.

Jumatatu mmoja wa wanakwaya alipiga simu chumba cha habari. Nilipokea mimi. Niliandika aya nne: abiria wanyimwa chakula Busisi, mwenye mgahawa awafungia mlango. Jina lako niliandika kamili. Niliandika Jumamosi ili mtu asije akauliza nani alikuwa Kigongo Jumapili. Halikuwa kosa la mpiga chapa. Na sikuvuka kukuuliza. Kivuko kilikuwa dakika thelathini na nauli ya mtembea kwa miguu, na sikuvuka. Ni habari pekee katika maisha yangu niliyoiandika kutoka upande mmoja.

Baba alikaa kwangu Butimba miaka yake mitatu ya mwisho. Aliniita Kokulinda, jina la shangazi. Wote mlidhani kusahau kwake kulianza hapo, na mimi niliwaacha mdhani hivyo.

Niambie upande wako. Nitauandika kama utakavyousema.

Prudencia


Kamachumu
1 Desemba 2025

Prudencia,

Marahaba, mwanangu. Nilijua ulikuwepo. Yule msichana wa kwaya alinisimulia: "Kuna dada amekaa dirishani anacheka." Ilikuwa Jumapili, siku yako ya kwenda Kigongo, nikajua ni nani. Miaka kumi na tatu nimesubiri uniambie, na sasa umeniambia sioni kama nimepona mahali popote. Labda ni mvua.

Upande wangu ni mfupi. Tangu katikati ya mwaka 2011 kila siku vilikuja vibao vya watu walioshiba. Wengine waliniambia wenyewe kwa aibu, wengine walikaa wakala. Nilipakua. Kikaratasi kikija mara tatu, nilijibu mara tatu: Zimefunikwa. Niliogopa nikimjibu vingine atajua kwamba amesahau. Kaka yangu hakuna kitu alichokiogopa duniani kama kuchekwa hesabu zake. Masele alijua. Mimi na yeye hatukusema hata kwa watu wa Geita.

Siku ile ya kwaya nilikuwa na chakula cha watu kumi na wawili. Walishuka hamsini na nane, vibao mkononi. Niliwaambia chakula hakuna. Mwanamke mmoja mnene mwenye kitenge cha kwaya akasema mbele ya watu wote, "Mzee, kaka yako ametupa mti, wewe unatupa mate. Mnatuchezea?" Dereva akasema, "Hawa wa kule wamechanganyikiwa nini? Wameshakula, nimewaona!" Watu wakaanza kugeuka na kutazama maji, kutazama Kigongo. Wakaanza kucheka. Kijana mmoja akasema, "Basi yule babu wa mlangoni kichwa hakipo."

Hapo nikafunga mlango. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba vibao nimevikataa mimi, kwamba nimechoka kulisha watu wa Kigongo, kwamba kaka yangu ni mzima na mchoyo ni mimi. Walinizomea mpaka basi likaondoka. Lakini walikuwa wananizomea mimi.

Jioni nilimwandikia kikaratasi kwamba sahani ya ng'ambo basi. Hakujibu. Nadhani alikisoma akakisahau, au alikisoma akaelewa. Sitajua.

Ndiyo hayo. Usiyaandike. Niandike mimi mchoyo, nimeshazoea, na watu wa huku hawasomi gazeti lenu. Kaka yangu aachwe na akili zake.

Senene nimekuwekea kopo moja. Mwaka huu walikuwa wachache.

Projest


Butimba, Mwanza
14 Desemba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwenye benchi ya stendi nilipoipokea, na tena nyumbani.

Siwezi kuandika kwamba wewe ni mchoyo, kwa sababu si kweli na sasa ninajua. Siwezi pia kuandika usichokiruhusu. Nimemwambia mhariri kurasa mbili zitasubiri. Amekasirika. Atapata mtu wa kumwandikia bei za sangara.

Ila kuna kitu ambacho hakihitaji ruhusa yako, na kinatoka Jumanne. Nakinakili hapa:

"Tarehe 6 Machi 2012 gazeti hili lilichapisha habari kwamba Bw. Projest Rwehumbiza wa mgahawa wa Pumzika, Busisi, aliwanyima abiria chakula walichokuwa na haki nacho. Habari hiyo haikuwa ya kweli. Abiria walikuwa wameshakula. Siku iliyotajwa pia haikuwa sahihi. Mwandishi alikuwa shahidi na hakusema, na hakwenda kumuuliza Bw. Rwehumbiza. Mwandishi anamwomba radhi." Chini yake kuna jina langu.

Baba simtaji. Akili zake ziko palepale ulipoziweka.

Nakala kumi na mbili nitazipeleka kwa mkono, kwa kila mtu wa familia aliyekuwa amekaa mbele kwenye mazishi. Wakiniuliza nitawajibu kuhusu mimi tu.

Nilipokuwa nafungasha nguo za Baba mwaka 2017 nilikuta koti langu la kazi la zamani kwenye sanduku lake. Sikuligusa mpaka juzi. Kwenye mfuko wa ndani kuna kipande cha mninga chenye herufi P. Ni kile alichonipa mlangoni. Sikukitumia. Sikuvuka.

Basi la Jumatano tarehe 24 linaondoka Nyegezi saa kumi na mbili asubuhi. Siku hizi halisimami Kigongo wala Busisi. Nimemuuliza konda, akaniambia, "Dada, pale kuna nini?" Winnie amenitafutia pikipiki ya kupanda huko.

Kikaratasi kiko hapa chini.

Prudencia

Abiria 1. Ugali, sato. Hajala. Amechelewa.


Kamachumu
20 Desemba 2025

Imefunikwa.